Hodi Kabla ya Enter

Nilirudisha funguo za ofisi wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Mmoja wenu anauliza fomu za zamani ziko kabati gani. Mwingine anauliza kwa nini programu ya kusinki faili haijiamshi yenyewe kila Jumatatu, mpaka mtu mzima mwenye shahada akae aiamshe kwa mkono. Badala ya kujibu mmoja mmoja nikamaliza salio, nimeona niandike. Someni polepole, na chai karibu. Mambo ya vyeo nayaruka, kwa sababu cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe. Mshahara pia nauruka. Mnaujua, nanyi mnaupata.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino. Ofisi ya vipimo vya samaki wakati ule ilikuwa nyumba ya mabati kando ya ziwa, hapa hapa Kisumu, na uani palikuwa na matope na paka wanane. Niliambiwa nimtafute Mama Perpetua, mtunza rekodi, chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Upepo wa ziwa nao ukaingia nyuma yangu.

"Yawa!"

Mama Perpetua alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mbele yake alikuwa amepanga vikaratasi vya vipimo vya mwezi mzima, ufuo kwa ufuo, siku kwa siku. Vyote vilipaa. Vingine vilitua kabatini, vingine vikatoka dirishani vikaenda kuchezewa na paka.

"Wewe ni nani?"

"Karani mpya, Mama."

"Karani mpya, kwenu hakuna hodi?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Mlango ukiwa wazi ndio hodi inatakikana zaidi! Ukifungwa si utagonga tu, utake usitake?"

Siku tatu nilikuwa chini nikipanga vikaratasi, viatu vya kisigino nimevisukuma chini ya meza. Siku ya tatu ndipo alinieleza sawasawa. Alisema watu wanadhani hodi ni adabu ya kumfurahisha mwenye nyumba. Hapana. Hodi ilikuwa inampa nafasi ya kuweka mikono juu ya karatasi kabla upepo haujaingia. Nilicheka moyoni, nikasema huyu mama ana visa. Nilikuwa mjinga.

Perpetua alinifundisha kazi yote kwa rula. Rula ya kupimia, na rula hiyo hiyo ya kugonga meza ukikosea. Samaki anapimwa kwenye ubao, mdomo umegusa ukingo, mkia umenyooshwa bila kuvutwa. Ukiuvuta mkia umemdanganya samaki, umejidanganya na wewe. Ngege ana namna yake, mbuta ana namna yake, na omena, wale dagaa wadogo, hapimwi mmoja mmoja isipokuwa kama umefungwa jela na huna shughuli nyingine. Vipimo vilitoka kwenye fuo tano, na kila ufuo ulikuwa na mtu wake.

Mtu wa Orembe, upande wa Seme ukipita Kombewa, alikuwa Oluoch, katibu wa ufuo. Mshikeni huyo Oluoch akilini. Alikuwa anapima kila asubuhi bila kukosa. Wenzake wanasema hata siku aliyooa alipima kwanza, akaingia kanisani ananuka mbuta, na bibi harusi akavumilia. Alikuwa na kasoro moja tu, salamu. Ukimpigia Oluoch kumuuliza neno moja, lazima kwanza upitie afya yako, watoto wako mmoja mmoja, mvua, mahindi na mguu wa mama yake. Anaita watu kwa heshima zote. Mimi aliniita Min Opiyo, mama yake Opiyo, hata baada ya Opiyo kuota mvi.

Kompyuta zilikuja Perpetua akiwa anakaribia kustaafu. Aliziangalia akasema hazina mahali pa kuweka mkono. Alipoondoka, fomu za karatasi zilifungiwa stoo, na mchwa wakazisoma zote mpaka ukurasa wa mwisho. Tangu hapo kila kitu kilikuwa ndani ya mashine. Kila ufuo ulipewa laptopu moja nzee, na sisi tukawa tunazunguka na kadi za kumbukumbu mfukoni kukusanya faili, huku vumbi la barabara likitupaka poda ya bure.

Kisha wakubwa waliamua seva ikae Nairobi. Sisi wa ziwani tukawa tunaiona kwa mbali tu, kupitia skrini nyeusi yenye maandishi. Msimamizi wake alikuwa Bwana Njoroge. Nilimwandikia barua ya kwanza nikiomba anipe haki za msimamizi, niweke programu ya kusinki ili faili za fuo zije zenyewe. Alijibu siku hiyo hiyo. Alijibu hapana. Niliandika ya pili, ya tatu, ya nne nikapitishia kwa bosi. Hapana, hapana, na hapana yenye mhuri.

Nikampigia. "Bwana Njoroge, mimi si mwizi. Nataka kuweka programu moja."

"Mama, nikikupa funguo zote na kila ofisi itataka. Kesho mtu atafuta kitu, na atakayelala kituo cha polisi ni mimi."

Nikaweka mkono juu ya simu, nikamgeukia mwenzangu, nikamwambia kwa Dholuo kwamba huyu mtu kichwa chake kinaweza kuvunja kokoto. Kumbe mkono haukuziba vizuri.

"Awinjo, Mama," simu ikasema. Nasikia, Mama. Na akaendelea kwa Dholuo safi, ile ya sokoni, kunieleza kwamba amezaliwa Mamboleo, hapa hapa Kisumu, mama yake aliuza viazi pale njiapanda miaka yote, na kichwa chake kilipigwa mipira na watoto wa Kijaluo wakicheza, kwa hiyo ugumu wake ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini tangu siku ile tulipatana. Haki hakunipa, alinipa sheria: "Ndani ya folda yako fanya unavyotaka. Nje ya hapo usiguse hata kitasa."

Basi nikawa mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti ya Njoroge. Mpangaji hapigi msumari ukutani, lakini jiko lake anaweka. Nilisoma maelezo ya ile programu jioni nne. Kumbe haihitaji kuwekwa kwenye mfumo mzima. Unaishusha ikiwa imefungwa, unaifungua ndani ya folda yako mwenyewe, na inaendeshwa kwa jina lako wewe. Milango ya kupitishia data kwenye kompyuta ni zaidi ya elfu sitini, na yenye namba ndogo ni ya msimamizi peke yake, nikachagua namba kubwa, huko juu ambako hakuna mtu. Ukurasa wa kuiangalia niliufunga usionekane na mtu wa nje, nikaufikia kwa njia ya siri kutoka mezani kwangu. Mara ya kwanza ilikufa nilipotoka kwenye seva, kwa sababu nilikuwa sijaiambia ibaki nikiondoka. Mara ya pili nikaiambia, ikabaki. Niliona faili la Orembe likitokea Nairobi lenyewe, bila kadi, bila vumbi. Nilipiga kigelegele ofisini. Bosi alidhani kuna mtu amejifungua.

Kitu kimoja kilinishinda. Kila Ijumaa jioni Njoroge alikuwa anaizima seva na kuiwasha tena, na programu yangu inakufa. Kuifanya ijiamshe yenyewe kulitaka haki za msimamizi. Hata ile ratiba ya kazi za kujiendesha alikuwa ameifungia wapangaji. Kwa hiyo kila Jumatatu saa mbili asubuhi nilikaa, nikaingia kwenye seva, nikaandika amri ya kuianzisha, nikabonyeza Enter. Jumamosi na Jumapili ilikuwa imekufa, na mimi nikimlaani Njoroge kwa upole, Kiswahili na Dholuo.

Na kabla ya Enter nilikuwa napiga simu. Fuo zote tano. "Tumeamkaje? Mashine iko sawa? Mnataka nianze?" Hakuna kitabu kilichoniagiza. Ilikuwa Perpetua tu ndani ya kichwa changu. Niliona kwamba hizi mashine zimekaa siku mbili bila kuzungumza, na mimi niko karibu kufungua mlango. Vijana wa ofisi walicheka sana. Waliniita Mama Hodi, wakidhani sisikii.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, na Jumatano yake palikuwa na mkutano Kombewa wa kuamua habari ya Orembe. Kulikuwa na maneno kwamba ule ufuo hauna samaki tena, kwamba ni heri ufungwe, wavuvi wahamie ufuo mwingine mbali, na pale pajengwe kitu cha mtu fulani mwenye gari refu. Ufuo ukifungwa, Oluoch hana kazi, akina mama wanaokaanga samaki hawana kazi, na boti zote zinakwenda kuomba nafasi kwa watu. Kitu pekee cha kuwajibu wale wakubwa kilikuwa vipimo vya Oluoch vya miaka tisa, kila siku, kila boti. Vyote vilikuwa kwenye folda moja.

Bosi alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Alitaka nianzishe programu upesi, vipimo vya mwisho viingie, ripoti ichapwe. Nikaandika amri. Kidole kikawa juu ya Enter. Kisha nikachukua simu.

"Mama, leo hatuna wakati," bosi akasema. "Kompyuta haina mlango bwana!"

"Ina zaidi ya elfu sitini," nikamwambia. "Nitasalimia kwanza."

Fuo nne zilijibu, ziko sawa. Orembe haikujibu. Nikapiga tena, kimya. Bosi akaangalia saa yake, akaangalia dari, akaangalia saa yake. Nami nakiri, mkono ulianza kurudi kwenye Enter. Nilijiambia Oluoch ni Oluoch, lini amekosea? Lakini nikapiga mara ya tatu, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara.

"Oyawore, Min Opiyo!" Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Oyawore, Katibu. Mbona hushiki simu?"

"Aah, tumechoka. Jumamosi tulikuwa tunazika yule mzee, baba ya mwenyekiti wetu." Na akaanza. Nani alikuja, nani hakuja na tutamkumbuka. Mchungaji aliyehubiri mpaka jua likahama. Ng'ombe wangapi, hema ngapi, wakwe walivyokaa. Mguu wa mama yake, ambao ulihudhuria pia. Bosi alikuwa ananihesabia dakika kwa vidole, vitano, halafu kumi.

"Katibu, pole sana. Mashine iko sawa?"

"Iko sawa kabisa! Imetusaidia sana. Yule wa kuchukua video alikuwa anarudi zake, na familia inataka nakala hapo hapo. Video ya matanga unajua ni ndefu. Sasa hii laptop ikasema imejaa. Ikabidi tupunguze mzigo kidogo."

"Mzigo gani?"

"Ile folda ya samaki."

Niliangalia ile amri kwenye skrini.

"Si iko kwako, Min Opiyo? Si ulituambia ikiwa hapa iko kila mahali?"

Niliutoa mkono kwenye kibodi kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Kwenye yale maelezo niliyosoma jioni nne kulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema ukiandika hapa, inaandika kule. Hiyo ndiyo niliyowafundisha watu wa fuo, kwa furaha, nikichora ubaoni. Ya pili ilisema ukifuta hapa, inafuta kule. Hiyo niliisoma nikaipita. Kwa hiyo kosa lilikuwa la Oluoch nusu, na nusu kubwa ilikuwa yangu. Ningebonyeza Enter ile, mashine ya Orembe ingewaambia Nairobi na Kisumu kwamba samaki wamefutwa, na wote wangeitikia kwa utiifu. Miaka tisa ingeisha kabla bosi hajamaliza kuangalia saa yake.

Nilimweleza. 

"Nimeua wath," akasema. Wath ni ufuo wa kuteremshia samaki. "Min Opiyo, mimi mwenyewe nimeua wath kwa mkono wangu. Nitawaambia nini watu?"

Nilisikia analia. Mtu mzima, katibu, analia kwa simu. Nilimpenda sana Oluoch saa ile, na kulaani kwangu kote kwa Njoroge kulinirudia, maana kama angenipa zile haki nilizoomba, programu ingejiamsha yenyewe Ijumaa ile ile, na Jumamosi, kati ya mahubiri na chakula, kila kitu kingekuwa kimekwenda.

"Katibu, futa machozi. Programu ilikuwa imekufa tangu Ijumaa. Sijabonyeza."

"Hujabonyeza?"

"Nilikuwa nasalimia."

Nilifuta ile amri herufi kwa herufi, polepole. Nikainakili folda yote ndani ya chumba changu kwenye seva, nakala ambayo programu haiijui, nikaiita PERPETUA. Nikahesabu faili mara mbili. Kisha nikaanzisha programu, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Ile folda ya zamani iliisha faili baada ya faili, kimya, mpaka ikabaki tupu. Bosi alivuta kiti akakaa. Tangu siku ile hakusema tena habari za mlango.

Nilipompigia Njoroge kumuuliza kama angeweza kuzirudisha faili kutoka kwenye nakala zake za akiba, alikohoa. Diski ya akiba ilikuwa imeharibika, mpya ilikuwa inasubiri sahihi ya mtu aliye likizo. Kwa hiyo msinitajie akiba. Akiba ilikuwa PERPETUA.

Jumatano tulikwenda Kombewa na ripoti nzito, bado ina joto la printa. Mwenyekiti wa mkutano alifungua kwa kusema inajulikana kwamba Orembe hakuna samaki. Oluoch akasimama. Suti ilikuwa ile ile ya matanga. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, tarehe, boti, samaki, urefu. Watu walianza kusinzia. Kisha akafika mahali, akasoma, "Mbuta mmoja, sentimita tisini na mbili, boti ya Mzee Ouma."

"Tisini na nne!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Mzee Ouma mwenyewe, amesimama na fimbo. "Nilimwambia siku ile ni tisini na nne, akakataa!"

"Ulikuwa unavuta mkia, Mzee!"

Ukumbi wote ulicheka, hata yule wa gari refu. Na baada ya kicheko hicho hakuna aliyeweza kusema tena kwamba samaki wa Orembe ni wa kubuni. Ufuo haukufungwa. Oluoch alinishika mikono miwili, akasema "Ero kamano" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na asante yenyewe ilichukua nusu saa, pamoja na habari za mguu.

Miaka ikapita, Jumatatu baada ya Jumatatu. Siku yangu ya mwisho mlinikatia keki, mnakumbuka. Njoroge alisafiri kutoka Nairobi kuja kuniaga, mara yangu ya kwanza kumwona ana kwa ana. Kichwa ni cha kawaida tu. Saa kumi alasiri, mbele yenu wote, akanipa bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi yenye nywila. Haki zote za msimamizi wa seva, mpaka saa kumi na moja.

"Barua nne, Mama," akasema. "Sikutaka uondoke na deni langu moyoni."

Mlipiga makofi, mkasema sasa Mama Hodi ataifanya ijiamshe yenyewe. Nilikaa mezani. Nilikuwa na saa nzima ya kufanya nilichoomba miaka yote, na kilihitaji mistari miwili. Sikuiandika. Kuna faili moja kwenye seva ambalo mpangaji haruhusiwi kuligusa, lile lenye maneno yanayotokea kwa kila mtu anapoingia, kabla hajafanya lolote. Nililifungua, nikafuta onyo refu la Kiingereza ambalo halijawahi kusomwa na mtu, nikaandika langu, pamoja na namba ya simu ya ufuo. Nikatoka. Njoroge aliliona, akanitazama, akala keki yake.

Kwa hiyo aliyeniuliza kwa nini haijiamshi, hilo ndilo jibu. Sikusahau.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nyumbani napepeta mchele, simu ikalia.

"Oyawore, Min Opiyo! Leo kuna nini? Tangu saa mbili watu saba wamenipigia. Wanasema wameingia kwa seva, wameulizwa kama wamesalimia Orembe. Wawili wako Nairobi huko kwa mambo ya magari, hata hawajui Orembe ni nini!"

"Umewaambia nini, Katibu?"

"Nimewasalimia vizuri. Wa mwisho nimemweleza mpaka mguu." Nilimsikia akicheka, na nyuma yake ubao wa kupimia ukigongwa. "Halafu nimewaambia samaki wapo."